Ng'ombe Ngapi kwa Mgeni Mmoja?

Nyinyi mnaoanza kazi ya wageni, kabla sijawaambia lolote, toeni ulimi. Msicheke. Gusisheni ulimi nyuma ya meno ya juu, mseme: mahali. Sasa utetemesheni kidogo, kama kifuniko cha sufuria maji yakichemka, mseme: mahari. Mmesikia tofauti? Kama mmesikia, basi mmenizidi mimi nilipokuwa na umri wa mama zenu, siku niliyokaribia kuwaoza mabinti wa kijiji kizima kwa sababu ya herufi moja.

Mimi ni Nambozo. Shule niliiacha darasa la tatu, na mwalimu hakulia. Lakini nimetandika vitanda vya watu wa nchi nisizoweza kuzitaja majina, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba shuka la Nambozo lina mkunjo. Nilifanya kazi katika nyumba ya wageni ya serikali, kwanza Jinja, halafu Mbale, miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Ndiyo, watalii walikuwepo. Wachache kama meno yangu ya sasa, lakini walikuwepo.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Nandudu, anayeongoza watalii mlimani. Juzi alikuja hapa kwangu Namakwekwe na simu yake, akanisomea mpango mpya wa serikali.

"Kukhu," akaniambia, maana bibi sisi tunamwita hivyo, "sikia hii: utalii endelevu."

"Endelevu ndiyo nini?"

"Utalii usiomaliza kitu. Mgeni anakuja, anaondoka, msitu upo, maji yapo, na wenyeji wamefaidi."

"Hilo wameligundua lini?"

"Ni mpango mpya, Kukhu."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nandudu akanipiga mgongo, akasema kama ninajua zaidi ya serikali niandike, awasomee wenzake. Basi haya, mwambieni aketi asome vizuri.

Jinja nilifundishwa kazi na Mama Zaituni, mkuu wa vyumba, mwanamke wa Kinubi ambaye babu zake walikuja zamani wakiwa askari kutoka Sudani. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, na Kiswahili kilimtoka mdomoni kama samli. Sisi wengine Kiswahili tulikuwa tunakiogopa. Miaka ile ukisikia Kiswahili nyuma yako barabarani, huangalii nani anasema, unaangalia mtaro wa kurukia. Mimi nilimwambia wazi kwamba hiyo ni lugha ya kukamata watu. Akanitazama kama mtu anayetazama chawa.

"Lugha haina bunduki, Nambozo. Bunduki inashikwa na mtu. Wewe shika Kiswahili kwa mkono wa kukaribishia, tuone kama kitakulipukia."

Alinifundisha maneno kama alivyonifundisha pasi. Pasi yetu ilikuwa ya mkaa. Hupulizi majivu ndani ya chumba, unatoka nje, unaipa mgongo nguo. Halafu unaipitisha kwanza juu ya jani la mgomba. Jani linaondoa masizi, linaifanya iteleze, na linakwambia joto: likinyauka polepole, haya, shuka, likilia chwaa, subiri. Nyinyi mna pasi za kubonyeza. Sawa. Lakini umeme ukikatika, mgomba haukatiki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa viatu. Wiki yangu ya kwanza nilikuta viatu vya mgeni nje ya mlango wake, vizuri, vyeusi, vimepangwa. Nikajiuliza, mtu anaweka viatu nje ya mlango kwa nini? Amevitupa! Wazungu bwana, wanatupa hata vitu vizima. Nikavichukua, jioni nikampelekea shemeji yangu mvuvi kule Wanyange, maana nilikuwa nimeolewa huko. Shemeji alikuwa na vidole vilivyotawanyika kama tangawizi, akavikata viatu mbele ili vipate hewa. Asubuhi mgeni anazunguka na soksi, anauliza viatu alivyoviweka nje vipigwe rangi viko wapi.

Nilinyamaza mpaka mchana. Mama Zaituni hakuuliza mara mbili, alinitazama tu. Nikasema yote.

"Kosa ni samaki," akasema. "Ukilionyesha asubuhi ni kitoweo. Ukilificha mpaka jioni, nyumba nzima itajua kwa pua."

Tulikwenda Wanyange kwa miguu, yeye mbele. Shemeji alikataa kuvivua. Mama Zaituni akamvua mwenyewe, kimoja kimoja, kama anamvua mtoto. Mgeni alipoviona vile vidirisha vya mbele alicheka mpaka akakaa chini, akavivaa hivyo hivyo siku zote alizobaki. Alisema vinafaa kwa joto la Jinja. Lakini mimi sikuisahau ile njia ya Wanyange, wala yule samaki.

Sasa nije Mbale, ndiyo habari yenyewe.

Nilipohamishiwa Mbale mume wangu alikuwa amekwisha kufa, nami nina binti mmoja, Khainza, miaka kumi na minne. Mama Zaituni alikuwa ametangulia kuhamia huko, yeye ndiye aliyeomba niletwe, maana mimi ni Mgisu wa huko, kwetu ni chini ya mlima. Nyumba ile ilikuwa inakufa. Sabuni ilikuwa imepotea madukani, sukari ni hadithi. Shuka tulifua kwa majivu ya maganda ya matoke, ndizi zetu za kupika: unachoma maganda, unachuja maji kwenye majivu yake, yale maji yanateleza mkononi kama sabuni yenyewe. Zilitoka nyeupe. Lakini alale nani? Tuliambiwa wazi: wageni wasipokuja, nyumba inafungwa na sisi tunakwenda kulima.

Ndipo akaletwa afande mmoja kusimamia wageni. Mwanajeshi kabisa, mwenye buti. Tulimwita Afande Wageni. Alikuwa na faili chini ya kwapa, na ndani ya faili mlikuwa na mpango wa serikali wa kukuza utalii wa upande wetu. Watalii wasilale mjini tu. Wapande mlima Wanale, waone maporomoko na ndege, walale katika nyumba za wanakijiji, wale chakula cha wanakijiji. Nawaambia kweli, mpango haukuwa mbaya. Umesikia, Nandudu? Endelevu, na buti miguuni.

Afande hakujua Kigisu, kijiji hakikujua Kiswahili zaidi ya salamu. Akanichukua mimi nitafsiri. Nilijiona mkubwa. Nilivaa gauni la kanisani, nikapanda mlima nyuma ya afande mwenye faili, na wanawake wa mashambani walinitazama kama mke wa gavana.

Watu walikusanywa uwanjani. Hawakukaa, walisimama, kama unavyosimama mbele ya mtu wa serikali miaka ile, mguu mmoja ukiwa tayari. Afande akaongea Kiswahili chake cha kambini, haraka, maneno yakigongana.

"Wageni watakuja. Watu ya heshima. Serikali itapanga mahali ya kila mgeni. Kila boma itoe mahali. Nyinyi mtafaidi."

Sasa jueni kwamba sisi wa huku l na r ni mapacha. Hata mama yao hawatofautishi. Mimi nilisikia mahari. Serikali itapanga mahari ya kila mgeni! Nilitaka kumwambia, afande, umesemaje? Lakini nani miaka ile alimwambia afande umesemaje? Nikageuka, nikawaambia watu wangu kwa Kigisu: wageni wanakuja, na serikali imepanga kutoa ng'ombe za kuoa kwa kila mgeni, na kila nyumba ijitayarishe.

Wanaume wakatazamana.

Mzee mmoja akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo, "Ng'ombe ngapi kwa mgeni mmoja?"

Nikatafsiri. "Afande, wanauliza, mgeni mmoja ng'ombe ngapi?"

Afande akafurahi. Alidhani wanauliza habari ya karamu. Akacheka, akanyanyua mikono. "Ng'ombe ya nini, bwana! Wageni hii si walafi. Hata mbuzi inatosha!"

Nami, Mungu anisamehe, nikageuka nikasema: mbuzi inatosha.

Mbuzi mmoja kwa binti wa Kigisu! Nikawaona wanaume wanatazama chini, wote kwa pamoja, na wanawake wanashika mabega ya wasichana wao. Afande akasema, "Vizuri, wamekubali, watu watulivu sana." Akanitajia siku ya wageni, Jumamosi ya wiki iliyofuata, tukashuka. Njiani alipiga mluzi.

Mlio na akili mtauliza: wewe Nambozo, mama wa binti, ulitafsiri maneno kama hayo na ukashuka mlima? Ndiyo. Nilishuka. Woga unamfanya mtu kuwa bomba tu, maji yoyote yanapita. Siku tatu sikula. Nilimtazama Khainza akichambua mboga nikaona aibu kumwita jina.

Siku ya nne nilikwenda sokoni kununua malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, maana tulikuwa tumeagizwa kuwapikia wageni. Muuzaji alikuwa kukhu mmoja wa kijiji kile kile, jina lake Namono. Nikamsalimu, "Mulembe." Hakuitika. Akafunika malewa yake kwa kitambaa.

"Kwako siuzi."

"Kukhu, nimekosa nini?"

"Umekuja na gauni la kanisa kutuuzia watoto kwa mbuzi. Kwa Kiswahili chako hicho. Wasichana wote tumewapeleka ng'ambo ya mlima kwa mashangazi zao. Na waume zetu wananoa panga. Hao wageni wako waje. Njia ni moja."

Hapo ndipo niliona mambo yote mpaka mwisho wake. Wageni watapanda Jumamosi. Watapigwa. Na mgeni wa serikali akipigwa miaka ile, kijiji hakiitwi mahakamani. Kinakuja kuchukuliwa na malori.

Nilikimbia kwa Mama Zaituni na kapu tupu. Nikamweleza. Akaniambia nirudie maneno ya afande, neno kwa neno, na mimi nikarudia. Akafumba macho.

"Tena. Alisema kila boma itoe nini?"

"Mahari."

"Alisema ra au la?"

"Mama, mimi nasikia kitu kimoja."

Ndipo aliponiambia nitoe ulimi, hapo jikoni, mbele ya wapishi. Gusa meno, tulia: la. Tetemesha: ra. Mahali ni pa kukaa. Mahari ni ya kuoa. Nikasema nikakosea, nikasema nikakosea, mpaka mate yakanikauka.

"Mimi nafikiri alisema mahali," Mama Zaituni akasema. "Lakini sikuwepo. Aliyesema ni yeye. Samaki wako ana siku nne, Nambozo. Mpeleke kabla hajanuka."

Ofisi ya afande ilikuwa chumba cha mwisho. Niliingia bila viatu, sijui kwa nini nilivua. Akainua uso.

"Afande, nauliza. Ulisema kila boma itoe maha-li, pa kuweka kitanda? Ama maha-ri, ng'ombe za kuoa?"

Akanitazama. Nikaona neno linamwingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Akaweka kalamu chini.

"Wewe uliwaambia nini?"

"Mahari, afande."

"Na ile mbuzi?"

"Niliwaambia mbuzi inatosha."

Akasimama. Akaenda dirishani, akanipa mgongo. Mimi nilihesabu ninaowajua waliosimama hivyo mbele ya afande na hawakurudi nyumbani.

"Nani mwingine anajua?"

"Kijiji chote, afande. Wameficha wasichana."

"Na wanaume walikubali hiyo mbuzi?"

Hapa ningeweza kudanganya. Nikakumbuka viatu vyenye madirisha. "Hapana, afande. Wanaume wananoa panga."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani hasira. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko, lakini si kicheko chote, nusu yake ilikuwa kitu kingine. "Mimi iko na binti wawili nyumbani," akasema. "Na hao watu walifikiri mimi nafika na faili kuchukua binti." Akaketi. "Kama kijiji inanoa panga juu ya mtoto yake, hapo hata mgeni atalala salama. Panda. Rekebisha. Mimi sipandi, wakiona buti watakimbia. Na wakikataa, wageni haitapanda, nyumba hii itafungwa. Basi."

Nikapanda peke yangu, safari hii na gauni la shambani. Nilisimama uwanja ule ule, nikawaambia: mimi ndiye niliyekosea, si serikali. Neno lilikuwa mahali, pa kuweka kitanda. Namono akatoka mbele, mikono kiunoni.

"Wiki iliyopita ulisema ng'ombe. Leo unasema kitanda. Wiki ijayo utasema nini?"

"Kukhu, ni kitanda."

"Wewe una binti?"

"Nina Khainza."

"Mlete. Wageni wakilala hapa, yeye alale kwangu, nyumba moja nao. Wetu wabaki kwa mashangazi. Kama ni mahali, mahali patatosha na wako."

Nilishuka, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Khainza alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia kila kitu, maana binti ana haki ya kujua ameingizwaje. Akaweka ungo.

"Mama, ni mahali ama mahari?"

"Mahali."

"Sema tena."

Nikagusa meno. "Mahali."

Akanitazama mdomoni, si machoni. "Haya. Twende."

Jumamosi wageni walikuja, wazungu wanne wa kutazama ndege, wenye darubini shingoni. Tukapanda wote, mimi na Khainza mbele. Njiani tuliwapita wanaume wa kijiji wamekaa juu ya mawe, panga mapajani, hakuna aliyesalimu. Mzungu mmoja mrefu akawapungia, akasema kwa Kiswahili cha kitabu, "Poleni na kazi." Mmoja wao akakohoa ili asicheke.

Namono aliwaonyesha mikeka. Wakala malewa na karanga, wakaomba tena. Walilala na kuku. Mimi sikulala, hilo nawaachia. Asubuhi Khainza alitoka nje na ndoo kama kila asubuhi, akanawa uso, akaniuliza, "Mama, kuna chai?" Nikakaa chini hapo hapo kwenye umande. Kwenye jiwe la mlangoni yule mzungu mrefu alikuwa anamenya ndizi vibaya sana, na wanaume wawili, panga zimelala kwenye nyasi, wanamfundisha.

Siku hiyo hiyo mchana wasichana walirudishwa. Na Namono, akiwa bado na mikono kiunoni, akanipa masharti nimpelekee afande. Wageni wanne kwa mara moja, hawazidi, kwa sababu chemchemi yetu ni moja, na mgeni hawezi kunywa maji ya mtoto wa mwenyeji. Mianzi ikikatwa ya malewa, kila shina liachiwe machipukizi, si kunyoa kama kichwa cha msiba. Njia wapitie ile ile ya mbuzi, hakuna kukata miti ili mzungu aone mbali. Akitaka kuona mbali, apande. Nilimsomea afande kutoka kichwani. Yeye faili lake lilikuwa limeandika wageni wengi sana. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika nne.

Wageni walikuja misimu kadhaa, nyumba yetu ikapumua. Halafu siku moja afande hakuja ofisini, wala kesho yake, na miaka ile mtu hakuuliza mtu amekwenda wapi. Nyumba wakaingia askari, shuka zangu zikaenda na wao. Sikuziona tena. Mama Zaituni alirudi Jinja, akazeeka huko, akanitumia salamu kila mara alipopata mtu: Mwambieni Nambozo, la au ra?

Lakini kule juu, wanangu, chemchemi ipo. Mianzi ipo. Kijiji bado kinapokea wageni wanne wanne, hakuna waziri aliyewaambia. Wenye mikeka sasa ni wale wasichana waliofichwa ng'ambo. Serikali ikitaka kujua endelevu ni nini, njia ni ile ya mbuzi.

Khainza ndiye mama yake Nandudu, huyu anayewasomea. Sasa mtanielewa kwa nini, mkipanda na wageni wenu mkafika ile kona ya mawe, mtasikia mzee fulani anapiga kelele kutoka shambani, "Eee! Ng'ombe ngapi?" Wageni watauliza anasema nini. Msiogope, msikimbilie kutafsiri. Mjibuni kwa sauti, "Hata mbuzi inatosha!" Kijiji chote kitacheka, kuanzia juu mpaka chini. Halafu Namono mdogo, mjukuu wa yule, atatoka mlangoni na mkeka kwapani, atawaangalia midomo, na atasubiri mlitamke lile neno lenyewe kabla hajautandika.